Mwiko wa Kuazima

Odette Goguen hakuwa mtu wa kinyaa. Katika kazi yake ya uashi mjini Moncton, Kanada, alikuwa amekula mkate pembeni ya panya aliyeoza, amefukua mabomba ya choo yaliyopasuka, na wala hamu ya chakula haikumtoka. Kilichokuja kumtia kichefuchefu kilikuwa safi, kimenyolewa vizuri na kinanukia marashi: bosi wake, Brock Haverstock, akiwa ameshika mwiko wa mtu mwingine.

Brock alirithi kampuni kwa babake. Mzee yule alibeba matofali mpaka mgongo ukapinda; mwanawe alibeba simu. Alikwenda Toronto kwenye semina ya kuwafundisha wajenzi namna ya kujijengea jina mtandaoni, akarudi kiumbe kingine. Hakusema tena "wafanyakazi," alisema "familia." Kila asubuhi, kabla simenti haijachanganywa, alisimamisha simu kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akavaa helmeti isiyo na hata mkwaruzo, akaanza kuhutubia.

"Wajenzi wenzangu, hamjambo! Leo tuzungumze kuhusu unyenyekevu."

"Shindwa," Odette alinong'ona, akatema mate kwenye matope.

Siku moja Brock alimfuata kwenye ukuta aliokuwa anaumaliza, mistari ya matofali imenyooka kama imepigwa rula.

"Dada Odette, hebu niazime mwiko wako kidogo."

"Wa nini?"

"Niweke tofali la mwisho. Watu wanapenda kuona mikono ya bosi ikichafuka."

Alilibandika tofali kombo, akaitabasamia simu, akapangusa kidole kimoja kilichochafuka, akaondoka. Odette akaling'oa, akalipanga upya. Jioni akaiona video: "Ukuta niliojenga na familia yangu." Maelfu walikuwa wameipenda. Mmoja aliandika kwamba hajapata kuona bosi mwenye mikono ya dhahabu namna ile. Odette aliitupa simu kwenye kochi kama mtu aliyeshika konokono.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni Alphée. Alphée Maillet alikuwa mwenzake wa kazi kwenye majukwaa ya ujenzi tangu ujana wao, mtu wa mashavu mekundu na mdomo usiolala. Yeye video zile alizipenda. Binti yake alikuwa mbali, Alberta, kwenye visima vya mafuta, na kila babake alipotokea mtandaoni alipiga simu wakacheka.

"Umeniona jana?" Alphée aliuliza. "Tatizo tumbo limetangulia."

"Nimekuona. Unachekelea kama ng'ombe wa maonyesho."

"Wivu huo, dada. Wewe ukicheka kamera inapasuka."

"Anakutumia, Alphée."

"Na anitumie! Nimejengea watu nyumba maisha yangu yote, nani alijua jina langu?"

Odette alirudi kwenye matofali yake na karaha ileile, ila safari hii ilikuwa na sura ya rafiki.

Mwezi wa Oktoba walikuwa juu, ghorofa ya tatu, Brock alipotaka kumpiga Alphée picha jua likichomoza nyuma yake. Vyuma vya kuzuia watu wasianguke vilikuwa vinapita katikati ya picha.

"Vinaharibu mandhari," Brock alisema. "Vitoeni upande huu."

"Mimi sivigusi," Odette akajibu.

"Kwa nini kila kitu kwako ni vita?"

"Kwa sababu ukianguka umeanguka, bosi. Ardhi haiangalii mandhari."

Brock akavifungua mwenyewe, simu ikirekodi, akicheka ili aonekane hadharau kazi ndogondogo. Alphée akasimama mikono kiunoni, jua likamzunguka kichwa. Alipendeza, kweli. Brock akairusha video papo hapo, akateremka, akaenda zake. Odette naye akaitwa chini kupokea lori la matofali, moyoni akisema akipanda tu atavirudisha vile vyuma. Bado anabishana na dereva, akasikia kishindo kama cha gunia la simenti. Alphée alikuwa amerudi nyuma hatua moja autazame ukuta wake, kama mwashi yeyote anavyofanya.

Matope ndiyo yaliyomwokoa. Nyonga ilivunjika, na paja pia.

Hospitalini Brock alikuja na maua mkono mmoja, simu mkono wa pili. Alisimama kando ya kitanda, akavuta pumzi, macho yakalengwa na machozi.

"Familia," aliiambia simu, "leo mmoja wetu ameanguka. Na mimi kama kiongozi nimejifunza kwamba..."

Odette alimpokonya simu, akaitumbukiza kwenye beseni ambalo Alphée alikuwa ametoka kulitapikia.

"Haya," alisema. "Itoe, uendelee kujifunza."

Alphée, aliyelewa dawa za maumivu, alifungua jicho moja. "Msinichekeshe," aliguna. "Nyonga."

Mkaguzi wa usalama alipokuja, Brock alisema wafanyakazi walivitoa vyuma bila ruhusa yake. Odette alisimulia kilichotokea. Mkaguzi hakuhitaji kumwamini yeyote. Video ilikuwa imeshafutwa, lakini watu walikuwa wameihifadhi, na ndani yake bosi alikuwa anafungua vyuma huku anacheka. Kampuni ikapigwa faini, na Odette akaacha kazi, akidhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Brock aliketi mbele ya kamera bila helmeti, ndevu hazijanyolewa, akasema, "Nilikosea." Video hiyo ilitazamwa kuliko zote alizowahi kutoa. Watu walilia. Wengine waliandika kwamba huyu ndiye mwanamume. Akaalikwa Halifax kuwahutubia wajenzi juu ya ujasiri wa kukiri makosa, naye akamwalika Alphée aketi safu ya mbele.

"Na wewe umekubali?" Odette aliuliza.

"Nimekubali. Ila siwezi kuendesha gari na huu mguu."

"Usiniangalie mimi."

"Nakuangalia wewe. Nimwangalie nani?"

Alimpeleka. Njia nzima alimtukana Brock, akamtukana Alphée, akaitukana na theluji. Ukumbini hakuingia. Alikaa garini kwenye maegesho, kahawa ikapoa, akisikia vigelegele vikipenya ukutani. Kwenye mlango lilibandikwa bango lenye uso wa Brock, mkubwa kuliko dirisha.

Alphée alitoka akijikongoja kwa fimbo, tai imepinda, macho yamelowa.

"Walisimama, Odette. Ukumbi mzima. Walitaja jina langu wakasimama."

Maneno yalimjaa Odette mdomoni, yote machungu. Aliyameza. Akakirudisha nyuma kiti cha abiria ili mguu upate nafasi, akamshika mkono aingie, akawasha gari.

"Njaa?" aliuliza.

"Sana," alisema Alphée.