Mwimbaji wa Darajani

Katika chumba cha wasahihishaji, kule kiwanda cha magazeti, watu walimwita Nukta, na jina hilo likamganda hata nyumbani. Miaka yote ya kazi yake aliketi meza moja na mwenzake, mmoja akisoma kwa sauti karatasi ya mwandishi, mwingine akifuata kwa kidole ile iliyopigwa chapa, wala hakuna mkato uliopita bila kuhojiwa. Wapiga chapa walimtania kwamba hata akisalimiwa hutazama kwanza kama salamu imekamilika. Alipostaafu, jamaa walidhani angeyapumzisha macho yake. Kumbe alikuwa na riwaya moyoni.

Riwaya hiyo ilihusu mwaka lilipojengwa daraja la chuma mjini kwao, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa kitoto cha kike cha kubebwa mgongoni. Kwa kuwa hakukumbuka chochote, aliyaendea magazeti ya zamani. Asubuhi baada ya asubuhi alikwenda maktaba, akanawa mikono, akafunguliwa majalada makubwa yanayonuka vumbi na gundi, akayasoma taratibu. Habari za ukurasa wa mbele hazikumshughulisha sana. Alitafuta matangazo ya viatu, ratiba za garimoshi, malalamiko ya wasomaji juu ya mbwa wazururaji, kwani huko ndiko watu wa siku zile walikojisahau wakaonekana walivyo. Katika tangazo moja dogo la cherehani alimpata mhusika mzima: mjane mwenye ulimi mkali, aliyewashonea wajenzi suruali huku akiwasema mpaka wakashika adabu.

Hata hivyo, moyo wa kitabu haukutoka maktaba. Ulitoka kwa kaka yake.

Kaka alikuwa kifungua mimba, Nukta kitinda mimba, na kati yao palipita karibu miaka ishirini. Mama yao alifariki kabla mwaka ule wa daraja haujaisha. Kaka, aliyekuwa mwanagenzi wa uandishi wa habari, ndiye aliyemlea. Picha ya mama haikuwako. Msichana huyo alipokua na kuanza kuuliza mama alikuwaje, kaka alifungua sanduku lake, akatoa kipande cha gazeti alichokiandika mwenyewe siku ya kufunguliwa daraja. Katikati ya hotuba na tarumbeta palikuwa na mwimbaji mmoja wa kwaya, mwenye kitambaa cha buluu kichwani, aliyetoka mstarini akampa kikombe cha maji mjenzi mzee aliyekuwa akilia kwa furaha, kisha akarudi kuimba, na sauti yake ikasikika ng'ambo ya mto.

"Huyo ndiye mama," kaka alimwambia.

Juu ya mistari hiyo Nukta aliijenga sura bora kuliko zote alizoandika. Kaka alikuja kila Jumapili baada ya ibada kumsikiliza akisoma. Alifumba macho, akatikisa kichwa pole pole. "Rudia hapo pa kikombe," alikuwa akisema, na Nukta alirudia.

Kilichobaki kilikuwa jambo dogo. Alitaka kujua anga ilikuwaje siku ile, ili apate sentensi ya kufungulia sura. Gazeti la kaka halikusema neno juu ya hali ya hewa. Akamwomba mtunza magazeti jalada la gazeti la washindani, akafungua toleo la kesho yake. Kichwa cha habari kilitanda ukurasa mzima: mvua kubwa imevunja sherehe za daraja. Viti vilipinduliwa na upepo, mgeni rasmi hakushuka garini, kwaya haikufika kabisa.

Kwanza alitabasamu. Washindani nao wanajua kupakana matope! Lakini mazoea ya kazi yalimsukuma alifungue tena gazeti la kaka, la siku zilizofuata. Akakuta habari fupi chini ya ukurasa wa ndani, baina ya tangazo la punda aliyepotea na ratiba ya ibada: sherehe ya daraja sasa itafanyika wiki ijayo. Hapakuwa na neno moja la kuomba radhi.

Hakupitia nyumbani. Alimkuta kaka barazani, kioo kimeegemezwa dirishani, akijinyoa ndevu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Nukta. Leo si Jumapili. Umekuja kunisomea au kunikagua?"

"Siku ya daraja, mvua ilinyesha?"

Wembe ulisimama shavuni. Kisha mzee akacheka, kama mtu aliyekumbushwa utundu wa ujanani.

"Si kunyesha, ilimwagika! Lakini gazeti letu lilikuwa la jioni, tulikuwa tunafunga kurasa kwenda mitamboni adhuhuri, na sherehe ilikuwa alasiri. Ungefanyaje? Nikapewa ratiba, nikaiandika kama mambo yamekwisha. Wote tulifanya hivyo. Wewe umezeekea kiwandani, unajifanya hujui?"

Alijua. Naye alikuwa amezipitisha hotuba ambazo hazijatolewa na wageni ambao hawajawasili. Kazi yake ilikuwa kulinganisha karatasi na karatasi. Kulinganisha karatasi na dunia hakuna aliyemwagiza.

"Na yule mwenye kitambaa cha buluu?"

"Mhariri alilalamika habari yangu kavu kama kuni. Weka mtu humo, akaniambia. Nikaweka mtu."

"Mama alikuwa wapi?"

"Nyumbani, na wewe. Ulikuwa na homa."

"Hata ile wiki ya pili hakwenda na kwaya?"

"Kwaya gani, dada yangu?" Kaka alifuta povu shavuni kwa taulo. "Mama hakuwahi kuimba kwaya."

Nukta alikaa kwenye ngazi ya baraza bila kukaribishwa. Kaka akaanza kusema haraka haraka.

"Ulikuwa unalia kila jioni. Mama alikuwaje, mama alikuwaje. Nami kijana, nimeachiwa mtoto, nisemeje? Ulitaka mama, nikakupa mama."

"Ya utotoni yaache. Jumapili iliyopita je? Nina mvi, kaka. Nimekusomea machozi yananitoka, na wewe umefumba macho unaniambia rudia."

Mzee aliinamisha kichwa. "Ilikuwa nzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna mtu aliyewahi kuisoma habari yangu vizuri vile."

Kisha kaka akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Basi ngoja nikueleze mama mwenyewe alivyokuwa. Alikuwa mpole. Alipita nyuma yako usimsikie, mpaka mkono wake ukuguse bega, na jua la machweo likimmulika usoni..."

Nukta aliinua uso. Jua hilo la machweo alilifahamu. Alikwisha kulisahihisha katika habari za kaka kiwandani: katika fainali za mpira, katika mazishi ya diwani, katika uzinduzi wa visima. Kaka alilitia kila mahali mkono ulipochoka.

"Alikuwa mrefu au mfupi?" alimkatiza.

"Mfupi."

"Kiasi gani?"

Kaka aliinuka, akanyoosha kiganja hewani kuonyesha kimo cha mama yao. Mkono ulishuka kidogo, ukasita, ukapanda tena, huku macho yake yakimtazama dada yake, yatambue ni urefu upi utakaompendeza.