Usiku wa Dada Nekesa

Juzi mjini Bungoma niliona vijana wakiziba madirisha kwa blanketi ili wapige filamu, nikakumbuka stoo ya mahindi ya nyanya yangu kule Endebess.

Jumapili moja mchana, nikiwa mtoto, dada Nekesa aliziba kila tundu kwa magunia ili apige filamu yake ya usiku. Pikipiki ya mjomba ikaingizwa ndani ikinuka petroli, taa yake ikamulika kupitia neti ya mbu ya bluu, moshi wa magunzi ukapanda, na mara nikaona mbalamwezi. Niliamini dada yangu anajua kuita usiku.

“Wewe lala hapo kwa magunia, na usicheke,” akaniambia. “Betri ya kamera ikiisha, tumeharibu.”

Nililala kweli. Niliposhtuka, stoo ilikuwa tupu, mlango wazi, jua likiwaka. Nikanawa uso, nikavaa sare, nikashika njia na begi mgongoni.

“Na uniform unaenda wapi?” mjomba akaniuliza.

“Shule. Si kumekucha?”

Alicheka mpaka akaketi chini. Ilikuwa bado Jumapili ile ile.

Sasa najua mbalamwezi ile ilikuwa neti tu. Lakini kila tukiitazama filamu hiyo, dada husema waigizaji wote walimwangusha, isipokuwa yule mtoto aliyelala.