Jumamosi ya Pili ya Mwezi wa Saba

Katika ofisi ya safari alikofanya kazi miaka tisa, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Dada Tarehe. Mgeni akipiga simu kuuliza ni lini watu wa milimani wanacheza ngoma zao, ni lini wanabariki mbegu, simu ilisukumwa mezani kwake. Nyuma ya kiti chake palikuwa na kalenda kubwa aliyoipaka rangi mwenyewe: kijani siku za mbegu, buluu mavuno, nyekundu siku ya kuaga wafu. Dereva wa ofisi alizoea kumtania kwamba hata siku yake ya kufa atakuja kumuuliza yeye, na asimpangie Jumatatu, maana Jumatatu gari huenda gereji.

Alicheka kama wengine. Ila ile nyekundu hakupenda kuitazama sana, kwa kuwa ilikuwa ya kwao.

Huko kwao wafu wa mwaka mzima huagwa kwa siku moja. Watu hucheza tangu asubuhi, kisha jina la kila marehemu linaitwa, na mtu wa damu yake anaitikia, "Pita salama." Zamani siku hiyo haikuwa na tarehe. Aliyeitafuta ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Alikaa alfajiri kwenye jiwe nyuma ya nyumba akiangalia jua linachomozea wapi kwenye meno ya mlima wa mbele. Likifika kwenye jino lililovunjika, anatuma watu wapige mbiu. Siku hiyo njia iko wazi, walisema. Siku nyingine unaita tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Lakini wageni hukata tiketi mwaka mzima kabla, na bosi hakuweza kuuza safari isiyo na siku. Mwaka wake wa kwanza kazini, Dada Tarehe alimpigia mjomba akamwomba akadirie. Mjomba akasema jua halikadiriwi. Yeye akaandika Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, maana miaka aliyoikumbuka ilikuwa ikiangukia karibu na hapo. Wageni wakaenda, wakarudi na picha nzuri. Mwaka uliofuata akaandika hivyo hivyo. Hakuuliza tena, wala hakuna aliyempigia kumwambia kitu.

Mwezi wa pili mwaka huu mama yake alifariki, mikononi mwake, katika vyumba viwili walivyopanga mjini. Siku za mwisho alipenda kushika mguu wa mjukuu wake aliyelala kando yake, anaubinyabinya kama mtu anayepima kama embe limeiva. Alichoomba ni kimoja tu.

"Usiniage kwa siku ya kalenda, mwanangu. Muulize kaka yangu."

Arobaini ilipopita akampigia binamu yake, mtoto wa mjomba, anayepokea wageni kule mlimani. Akamuuliza mwaka huu siku itaangukia lini. Binamu akadhani anataniwa.

"Dada, si wewe ndiye unayetuambia? Karatasi yenu tumeibandika kwenye mlango wa zahanati. Kila mtu anaifuata hiyo."

Ndipo akamsimulia yote. Mwaka ule wa kwanza wageni waliwakuta watu wakipalilia. Wazee waliona haya kuwarudisha watu waliotoka mbali, wakawachezea. Miaka miwili iliyofuata walicheza mara mbili, mara ya wageni na mara ya kwao. Ikawachosha. Ikabaki ya Jumamosi.

Alikata simu akakaa akiitazama ile nyekundu. Aliyekuwa akiuliza ni ofisi, aliyekuwa akijibu ni yeye, na mlima ukafuata.

Mwishoni mwa mwezi wa sita akaomba likizo, akapewa siku nne. Akambeba mtoto wake mgongoni akapanda.

Mjomba alikuwa amekaa barazani, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alimtambua mpwa wake kwa kikohozi. Akampapasa mtoto uso, akasema pua hii ni ya dada yangu, angalau hiyo haijapotea. Dada Tarehe akapiga magoti akamweleza maneno ya mama yake. Mjomba hakumlaumu. Alisema tu kwamba kesho wataamka mapema.

Alfajiri akamshika mkono wakaenda kwenye jiwe. Mjomba akageuza uso kuelekea mlimani kana kwamba anaona.

"Limefika kwenye jino lililovunjika?"

Akakodoa macho. Mlima wa mbele ulikuwa umepandwa miti ya mbao kutoka chini hadi kileleni, imesimama sawasawa kama brashi. Meno hayakuonekana. Jua lilitoka nyuma ya miti, jekundu, mahali popote.

"Kuna miti, mjomba."

"Ndani ya miti. Tafuta."

Alitafuta hadi machozi yakamtoka, mtoto naye analia njaa mgongoni. Asubuhi ya pili ikawa vile vile. Ya tatu kulikuwa na ukungu. Akamuuliza mjomba kama kuna mwingine yeyote aliyefundishwa kuangalia. Akasema alimfundisha dada yake, mama wa Dada Tarehe, naye akaolewa mbali. Vijana aliowaita baadaye walimuuliza kuna haja gani ya kuamka na baridi, na tarehe iko mlangoni.

Kabla ya kushuka, Dada Tarehe alimshika magoti.

"Basi taja siku yoyote, mjomba. Nitaifuata."

"Nikikudanganya wewe, nimemdanganya dada yangu," akasema. "Sijui, mama. Mimi sijui tena."

Akarudi kazini. Bosi alimpa pole ya msiba, kisha akamwambia mwaka huu wageni ni ishirini na wawili na aende nao mwenyewe, kwa kuwa anaijua lugha ya kule.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba jua lilikuwa juu sana walipofika, gari lilikuwa limepata pancha. Walisubiriwa. Ngoma ikaanza wageni walipokwisha kukaa kwenye viti. Mjomba hakutoka ndani. Dada Tarehe alisimama kando ya viti na mtoto mgongoni, anatafsiri kwa sauti ndogo: huyu alikuwa mhunzi, yule alifariki kwa kujifungua. Kisha mwita majina, mwanamume mnene mwenye kipaza sauti, akaita jina la mama yake.

 Akaitikia, "Pita salama," sauti ikatoka kama ya mtu aliyepaliwa.

Mgeni mmoja mwanamke, mwenye macho ya huruma, akamgusa bega. Alikuwa anabadilisha betri ya kamera, jina hilo limempita. Akauliza kwa adabu kama linaweza kurudiwa.

Wageni wote walikuwa wanamtazama. Aliyekuwa na kazi ya kuuliza ni yeye. Akaenda hadi kwa mwita majina, akamwambia, bila kumwangalia usoni. Yule bwana aliinamisha kichwa, akarudi kwenye kipaza sauti, akaita tena.

Mara ya pili sauti ya Dada Tarehe ilitoka vizuri zaidi.