Boga, Jibini na Keki Tatu za Kijani

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliondoka Morogoro na cheti cha darasa la saba na suruali mbili. Nimeosha masufuria ya watu hapa Stockholm mpaka kucha zikalainika kama karatasi. Leo nina magari sita ya kuhamisha watu, nina madereva, nina mhasibu mwenye digrii yake ambaye hafanyi kitu mpaka mimi niseme. Nimeshusha piano kutoka ghorofa ya tano bila lifti. Nimemhamisha mke wa mtu huku mume mwenyewe anakoroma chumba cha pili. Nikikwambia kwamba duniani hakuna cha kunishangaza, sijisifu, nakupa taarifa tu.

Ndivyo nilivyokuwa nikisema. Halafu ikaja ile trei ya keki.

Tunakaa Hallonbergen, nyumba ya kununua, si ya kupanga. Kwenye jengo letu, kila mwaka majani yanapopukutika, wakazi hushuka uani Jumamosi moja kufanya usafi wa pamoja. Kwetu tungeita msaragambo. Kila mtu na reki yake, profesa na dereva wa basi, wanakusanya majani ya mibetula, ile miti ya huku yenye magome meupe, mpaka saa tano, kisha inatandikwa meza ndefu, inamiminwa kahawa, na kila nyumba inaleta kitu ilichooka yenyewe. Mimi nilikuwa sijawahi kushuka hata mara moja. Nilikuwa nasema, mwenye magari sita hashiki reki. Mke wangu ni muuguzi, wikendi nyingi yuko kazini. Kwa hiyo kila mwaka aliyeshuka kutoka nyumba yetu ni binti yetu, peke yake, tangu akiwa mdogo kiasi cha kuzidiwa urefu na reki. Na kila mwaka alikuwa anakula vya wenzake, hana chake cha kuweka mezani.

Mwaka huo alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu. Ni ule umri ambao ukimsemesha mtoto Kiswahili anakujibu Kiswidi, na ukimsemesha Kiswidi anacheka matamshi yako. Ijumaa jioni akaingia na mfuko wa dukani, akautua mezani, akasema, "Baba, kesho nataka kupeleka brauni. Utanisaidia?"

Brauni ni keki ya chokoleti ya kukata vipande vya mraba. Hizi alizozitaka zilikuwa na boga ndani, na jibini laini, ile nyeupe ya kupaka kwenye mkate. Nikatazama mfuko, nikamtazama yeye.

"Boga na jibini? Nani kakuloga?"

"Ni za msimu huu. Kila mtu anaoka."

"Mama yangu alikuwa analipika boga kwa tui la nazi na chumvi, tunakula tunalala. Hakuna aliyewahi kulitafutia jibini."

"Baba, utanisaidia au hunisaidii?"

Nikavua saa. Niseme ukweli, moyo ulinidunda. Ulikuwa unakaribia mwaka tangu mtoto huyu aniombe kitu kisichokuwa nenosiri la intaneti.

Kulipasua lile boga ilikuwa kazi yangu. Nililipasua kwa pigo moja, nikamwonyesha mkono, nikamwambia huu ndio mkono uliobeba piano. Akasema ameshaisikia hiyo ya piano. Tukatoa mbegu, tukaviweka vipande kwenye oveni hadi ngozi ikanywea, nikakwangua nyama yake kwa kijiko, nikaiponda. Kisha akaniamuru niikamue kwenye kitambaa maji yatoke, maana boga lenye maji linaharibu kila kitu. Nikakamua. Niliyapenda maamuzi yake. Nikajiona nimezaa meneja.

Ugomvi ulianza kwenye unga. Alikuwa ameyeyusha siagi na chokoleti nyeusi, akatia sukari, akatia mayai, halafu akachukua kikombe cha kupimia, akachota unga, akausawazisha juu kwa kisu kama mpima dhahabu. Kikombe na nusu. Akaweka pakiti pembeni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Huo unga hautoshi maandazi manne. Hiyo itasimama na nini?"

"Haitakiwi kusimama."

"Keki isiyosimama ni uji, mwanangu."

"Baba, gusa hiyo pakiti uone."

Sikuigusa. Nilicheka tu, nikamwita mzungu. Akachanganya boga na jibini na ute wa yai na mdalasini, akavimwaga juu ya ile chokoleti, akapitisha kisu akizungusha mpaka rangi mbili zikajisuka, nyeusi na ya machungwa. Ilipendeza, sikatai. Wakati inaiva alikaa sakafuni mbele ya oveni, mimi nikakaa juu ya kiti nyuma yake, na akaanza kunisimulia habari za shule, mwalimu gani ananuka kahawa, rafiki gani hamsemeshi tena. Kwa Kiswidi, lakini nilielewa karibu yote. Sikuuliza swali hata moja, nisije nikamkatiza.

Ilipotoka, katikati ilikuwa imelegea, inatikisika. Akaipiga picha, akaifunika, akasema isiguswe, ataikata kesho ikiwa imepoa, kwa sababu bibi wa chini amemwambia ikikatwa ya moto inavurugika. Bibi wa chini ni jirani yetu mzee wa ghorofa ya kwanza, mjane, ndiye aliyemfundisha mwanangu kushika reki.

"Na usichelewe," akaniambia akiwa mlangoni pa chumba chake. "Nimewaambia wote kwamba mwaka huu na wewe unakuja."

Kesho yake saa tatu akashuka na buti zake. Mimi nikabaki nyuma, nikidai nasubiri simu ya mteja. Hakukuwa na mteja. Nilisimama dirishani na kahawa nikiwatazama chini wakikusanya majani, nikasema acha wachoke kidogo, nitashuka kwenye kula.

Nikaenda kuifunua ile trei.

Sasa elewa ninakotoka. Kwetu keki ni ile ya harusi. Inaumuka, inakatika kwa kisu bila kunata, na ukitaka kujua imeiva unachoma kijiti katikati: kikitoka kikavu, imeiva, kikitoka na unyevu, rudisha jikoni. Huo ni mtihani wangu mimi, na ni mtihani wa kila mwanamke niliyemwona akioka tangu nizaliwe. Nikachukua kijiti, nikachoma. Kikatoka na tope. Nikachoma pembeni, tope. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

Mbichi, nikasema. Mtoto kaoka keki mbichi.

Na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kufanya kazi yake. Sisi ndio watu weusi pekee kwenye jengo letu. Nikawaona majirani wakiuma, wakitazamana, wakitabasamu lile tabasamu la adabu. Nikaona watasema, wale hawajui hata kuoka. Nikajiambia namwokoa mwanangu. Sikushuka ngazi kumuuliza, na alikuwa mita thelathini tu kutoka nilipokuwa. Nilibeba trei, nikaimimina yote kwenye mfuko wa karatasi wa mabaki ya chakula, juu ya makapi ya kahawa na maganda ya ndizi, nikaufunga, nikautupa mwenyewe kwenye chumba cha taka. Kisha nikavaa koti langu refu na viatu vya kung'aa, nikawasha gari.

Kwenye duka la keki niliagiza tatu, kubwa kuliko zote, zile za krimu zilizofunikwa kwa marzipani ya kijani, lozi iliyosagwa na sukari, ambazo Waswidi huzila kwenye shughuli zao. Msichana wa kaunta akaniuliza kama nataka ziandikwe kitu juu, labda jina la mtoto, maana wengi huandikisha.

Nikamwambia ndiyo. Nikaandikisha jina la kampuni yangu. Na namba ya simu.

Niliingia uani na maboksi matatu yamepandana kifuani. Majani yalikuwa yameshakusanywa, watu wamekaa, pua nyekundu, matope magotini. Mezani kulikuwa na vitu vya ajabu: mikate ya mdalasini iliyopinda kila mmoja upande wake, keki ya tufaha iliyodidimia katikati, biskuti zilizoungua chini, na mwenye kuziunguza anazisifia kwa sauti. Nikasogeza sahani zao ili keki zangu zipate nafasi. Nikafunua. Kijani tupu, na jina langu la biashara limekaa katikati kwa maandishi ya chokoleti.

Hakuna aliyesema kitu kibaya. Mmoja alisema, "Oj," yaani loo, na mwingine akauliza kama leo kuna uzinduzi.

Bibi wa chini hakuzitazama hata. Alimgeukia binti yangu. "Na zile brauni za boga? Mimi nimeacha nafasi tumboni tangu asubuhi."

Mwanangu aliniangalia, akaziangalia zile keki, akainuka akakimbia ngazini. Nilimsikia akipanda. Nilimsikia akishuka, taratibu. Alirudi mikono mitupu.

"Baba, ziko wapi?" Kwa Kiswidi, mbele ya wote.

Na mimi nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti yangu ya kuwaita madereva, nikitabasamu, "Nimezitupa, mama. Zilikuwa mbichi. Nimechoma kijiti kimetoka na uji! Nimekuletea hizi, tazama."

Huyu mtoto, ambaye kumtoa neno la Kiswahili ilikuwa kama kung'oa jino, alinijibu kwa Kiswahili safi, cha mama yake, kwa sauti ya chini.

"Baba, usiseme. Tafadhali, usiseme kitu tena."

Bibi akauliza, "Baba anasemaje?"

Mwanangu akafuta pua kwa mkono wa koti. Akawageukia, akasema kwa Kiswidi chao kizuri, "Anasema ziliungua. Niliziunguza mimi. Nilisahau kuzima oveni."

Nikaelewa kila neno. Alichagua Kiswahili ili wasijue nilichofanya, akachagua Kiswidi ili nifichike. Nilikuwa nimesimama pale na koti langu refu, mtu mzima, nimekingwa na mtoto mwenye matope magotini.

"Maskini," bibi akasema. Akamkatia kipande kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, keki nyeusi, bapa, halafu akanikatia na mimi. "Kula ya kwangu basi. Inafanana. Ukiipata ikiwa kavu katikati ujue nimekosea, nimeiacha mno kwenye oveni."

Niliuma. Ilinata menoni. Katikati ilikuwa tope kabisa, ile ile. Miaka yote niliyokaa nchi hii, kila walipokaa kunywa kahawa mimi nilikuwa nimeondoka, nina haraka, kwa hiyo keki hiyo sikuwahi kuijua, na kila mtoto wa chekechea anaijua. Nikaitafuna hadi ikawa maji.

Baadaye watu walipokuwa wanakunja meza, nilikwenda kwenye chumba cha taka. Mfuko wangu ulikuwa bado juu juu. Kuna pembe moja ya ile brauni ilikuwa imekwepa makapi ya kahawa, imejifunika kwenye karatasi yake ya kuokea. Niliila nikiwa nimesimama, taa ya kujizima ikazimika, nikapunga mkono iwake, nikaendelea kula. Boga lilikuwa tamu, na jibini ilikuwa na ule uchachu kidogo unaokata chokoleti. Ilikuwa imeiva tangu jana.

Keki mbili za kijani zilirudi nyumbani zikiwa nzima. Jumatatu madereva wangu walizila wakinishukuru, bosi ana moyo.

Lakini Jumamosi hiyo jioni niligonga mlango wa chumba chake. Nikamwambia nilikosea. Ni neno moja tu, na mhasibu wangu anaweza kukushuhudia kwamba hajawahi kulisikia. Akabaki anatazama ukuta. Basi nikafanya ninachokijua, nikatoa pochi, nikaweka noti mbili za mia tano kitandani.

"Chukua. Nunua unachotaka."

Akazisukuma kwa kidole kama kitu kichafu.

"Sitaki za kampuni."

"Unataka nini, mwanangu?"

"Zangu. Vile vitu nilinunua kwa pesa zangu za mfukoni. Boga, pakiti mbili za jibini, chokoleti, siagi. Mayai yalikuwepo."

"Basi hizo si nyingi kuliko zako? Chukua."

"Baba, husikii?" Aligeuka. Macho yalikuwa yamevimba. "Ukinipa elfu moja utamwambia mama umenipa elfu moja. Utawaambia na marafiki zako. Nirudishie zangu tu."

"Shilingi ngapi?" Nilijaribu kumchekesha. Hakucheka.

Akafungua simu, akanionyesha picha ya risiti. Nikazirudisha noti zangu pochini. Nikatoa simu yangu, na kwa vidole hivi vinene nikaandika kiasi kile kile, nikamtumia, naye akawa anatazama skrini yake mpaka zilipoingia: krona mia mbili na kumi na nne.