Ndege Wafu Baada ya Upepo wa Kusini

Nilipofika Sydney kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mmoja alikuwa mama wa Kizungu, mwalimu mstaafu, mjane, mapafu yake yameharibiwa na sigara za ujanani. Wenzangu kazini waliwaita wazee kwa majina yao matupu. Mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Mama, naye baada ya wiki chache akaacha kunisahihisha.

Wazee wengine niliwapeleka dukani au kwa daktari. Yeye kila Alhamisi alitaka kupelekwa kuangalia ndege, na kipupwe ndicho alichokipenda zaidi, kwa sababu dhoruba za kusini huwasukuma ndege wa bahari kuu karibu na nchi kavu. Mwaka wa kwanza tulizunguka mabwawa tu. Nilisimama matopeni, soksi zimelowa, nikimshikia mwavuli huku yeye ameibana darubini machoni: bata, kwarara, mwari wawili waliojikunyata. Nikamwambia kambini tukiona ndege tulifikiria mchuzi. Alicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongo.

Juni ya mwaka wa pili upepo ulivuma siku tatu mfululizo. Pale Liverpool, mtaa wa Sydney nilikokaa, ulimng'olea jirani yetu paa la banda. Alhamisi nilimkuta Mama amekwisha kuvaa koti la mvua, amekaa karibu na mlango akizungumza kwenye simu na mwanawe aliyeishi Perth, upande wa pili wa nchi. Akanipa simu.

"Leo usimtoe nje," mwanawe akasema. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nikakata. Mama akanitazama. "Yeye yuko Perth," akasema. "Haya mapafu ni yangu. Twende."

Ningeweza kumpigia msimamizi wangu. Sikumpigia. Nilikuwa nimeishi miaka tisa mahali ambapo mtu mzima hatoki mpaka aandikiwe kibali, na sikutaka kuwa mimi wa kumnyima mwenzangu ruhusa.

Nikamwendesha kwa gari lake hadi baharini. Juu ya jabali, kiti chake cha magurudumu kilitaka kutuponyoka. Nilikikumbatia kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Mvua ilikuja ubavuni, kali kama mchanga. "Yule pale! Albatrosi!" Mama akapiga kelele, akaninyooshea darubini. Niliona ukungu, mawimbi, na kitu cheupe kilichopita mara moja bila kupiga bawa. Nikasema nimemwona. Yeye alitazama mpaka midomo ikabadilika rangi.

Nilidhani tumemaliza, lakini akataka tushuke ufukweni. Baada ya dhoruba, akasema, ndege waliochoka hutupwa huko, na lazima mtu awahesabu na kuwaandika. Nikamwacha garini, nikatembea peke yangu kwenye mwani ulionuka. Walikuwepo kweli, wadogo, wa kijivu, manyoya yamegandana, wengine hawana macho. Nilikuwa nimeona maiti za watu barabarani nikiwa msichana, na nilijua namna ya kutazama bila kutazama. Siku hiyo sikuweza. Nilihesabu mpaka kumi na saba, nikatapika.

Wa mwisho alikuwa hai. Nikamfunika kwa skafu yangu, nikampeleka kwa Mama. Alimpakata, akamweka karibu na kipasha joto cha gari. Hatukufika mbali, ndege akalegea.

"Amekwenda," Mama akasema, kisha akaanza kukohoa, na kikohozi hakikukatika mpaka nyumbani.

Jumatatu alilazwa kwa nimonia. Mwanawe aliruka kutoka Perth, akanikuta koridoni hospitalini nikiwa na maua ya dukani.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa ulimtoa kwa nini?"

Ningesema mwenyewe alitaka. Ilikuwa kweli, lakini ningekuwa namtupia lawama mtu aliyelala na mpira wa oksijeni puani. Maua yakabaki mkononi mwangu.

Msimamizi aliniita ofisini, akaniandikia barua ya onyo, akanihamishia kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee. Siku kumi na moja baadaye Mama alifariki. Hakuna aliyenipigia. Nilijua nilipoambiwa nirudishe ufunguo wa nyumba yake.

Mwanawe alinifungulia mlango. Alikuwa hajanyoa, na nyuma yake maboksi yamejaa ukumbini. Alichukua ufunguo, lakini hakufunga.

"Aliumia?" akaniuliza. "Siku ile. Mkiwa njiani."

Nilimkumbuka Mama ameinamia dashibodi, mkono kifuani, machozi yanamtoka kwa kukosa pumzi, nami nikiendesha kwa kasi na kumwambia tunakaribia, tunakaribia.

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa anaongea habari za ndege njia nzima."

Akashukuru. Nikashuka ngazi kwenda stesheni. Treni ya Liverpool ilikuwa ndiyo kwanza imeondoka, nikakaa kwenye benchi la baridi kungoja nyingine.