Rangi ya Ng'ombe wa Harusi ya Mama

Mpaka leo nikikumbuka vicheko vya ile ofisi ya wilaya kule Lodwar, damu inanichemka. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Baba alikuwa amefariki, na mdogo wake akaibuka kutoka malishoni na dai lake: eti mama hakuwahi kuolewa, kwa sababu ng'ombe wa harusi hakuchinjwa. Kwetu Turkana, bila ng'ombe huyo hakuna ndoa, hata mzae watoto wangapi. Mama angerudi kwao mikono mitupu, na mifugo yote ya nyumbani Kakuma ingekuwa ya baba mdogo.

Shahidi alibaki mmoja tu, shangazi, dada mkubwa wa baba. Mimi mwenyewe nilikuwepo siku ya harusi, nimebebwa mgongoni mwake, maana kwetu mara nyingi mtoto hutangulia kuzaliwa na ng'ombe hufuata. Lakini ningesema nini? Sikukumbuka hata chembe.

"Mama, asubuhi umekula nini?" ofisa akamuuliza shangazi, na mkalimani akatafsiri.

Shangazi akanitazama. Tulikuwa tumekunywa uji pamoja. Hakujua.

"Na nani amekuleta hapa?"

Akasema ni kaka yake. Yaani baba, marehemu. Watu wakaangua kicheko.

"Huyu akili imeruka," ofisa akasema. "Hawezi kuwa shahidi."

Upuuzi mtupu! Nilikuwa nesi, na wodini nilikuwa nimeona wazee wa namna hiyo wengi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ubongo hauweki tukio zima mahali pamoja. Kilichoonekana hukaa huku, kilichonukia kule, na kuna sehemu ndogo ndani, usawa wa masikio, inayovifunga pamoja viwe siku moja. Uzeeni kufunga huko hulegea. Uji wa asubuhi haukufungwa. Harusi ilifungwa zamani, shangazi akiwa na nguvu zake, ingawa vipande vyake navyo huchakaa. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, ubongo haujakomaa, sikubaki na lolote. Mbona mimi hakuna aliyenicheka?

"Muulizeni harusi!" nikafoka. "Mmemwita kwa ajili ya harusi, si kwa ajili ya uji!"

Ofisa alikunja uso, lakini akauliza. Sauti ya shangazi ikabadilika. Akasimulia mkuki ulivyoingia ubavuni, ng'ombe alivyopiga magoti mchangani, kando ya mto Tarach, tope la majani ya tumboni mwake walivyopakana kwa baraka, na mimi nilivyolia mpaka nikamtapikia shingoni. Ng'ombe, akasema, alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe tumboni.

Baba mdogo, aliyekuwa ameketi akitabasamu, aliruka kitini.

"Uongo! Hapana nyekundu! Ile ng'ombe ilikuwa nyeusi, mgongo nyeupe! Mimi ndiyo nilichunga!"

Mfugaji wa kwetu anaweza kusema uongo kuhusu mke wa kaka yake bila kupepesa macho. Lakini rangi ya ng'ombe aliyemchunga mwenyewe ikikosewa, hawezi kuvumilia. Ofisa akaandika: basi ng'ombe wa harusi alikuwepo. Alikuwa ameshatusaidia kuliko wakili yeyote.

Mama alibaki na mifugo yake. Tulipotoka nje, watu walimzunguka baba mdogo wakimsifu kwa kumbukumbu yake nzuri. Shangazi, aliyekosea rangi tu lakini akasema kweli kuhusu harusi, hakuombwa radhi na mtu yeyote.