Mshale Ulioangalia Nyuma

Nilifunga tairi ya mbele ya pikipiki ya mama kinyume, halafu nikamwambia imefungwa na fundi Ouma. Naanza na hilo ili msome mengine mkijua mnasafiri na mtu wa aina gani.

Alhamisi ya likizo, nyumbani Migori, tairi ilipata pancha na mama akaniagiza niisukume pikipiki hadi kwa Ouma, fundi wetu wa miaka yote. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa. Mtu mwenye akili angerudi kusema hivyo. Mimi nilikuwa na wenzangu wawili wa Form Three, na kwa vile nimemtazama Ouma akiziba pancha mara nyingi, nikatangaza kwamba daktari mwingine ameingia zamu. Tuliazima vyuma, tukaziba tyubu, tukairudisha tairi kwenye rimu. Mwenzangu mmoja akaona mshale ubavuni mwa tairi, akauliza ni wa nini. Nikamwambia unaonyesha njia ya Tanzania, asije akapotea. Tulicheka sana. Mshale huo huonyesha upande ambao tairi inafaa kuzungukia. Wangu ulikuwa unaelekea nyuma.

Ijumaa mchana tukaondoka. Mama ni mshonaji na pikipiki yake huiendesha mwenyewe. Mimi hukaa nyuma kama gunia. Kwenye keria tulifunga mfuko wa magauni meupe aliyoshonea kwaya ya akina mama kisiwani Rusinga, kanisani kwa dani, yaani nyanya yangu. Yalikuwa ya kuvaliwa kesho yake, Sabato. Na sisi ni Waadventista: jua la Ijumaa likishazama, hakuna kufua, hakuna pasi, hakuna sindano. Ilibidi tufike mapema.

Hadi Rongo barabara ilikuwa kavu, nami nikawa nawapungia watu mkono kama mheshimiwa. Mvua ilitupata karibu na Rodi. Ng'ombe akajitokeza, mama akashika breki polepole kama kawaida yake, na gurudumu la mbele likaponyoka kama kipande cha sabuni. Tukalala ubavu. Goti la mama likachubuka vibaya. Mfuko ulipasukia mtaroni na magauni meupe yakanywa matope. Ng'ombe alitutazama, kisha akaendelea na shughuli zake.

Tulipoiinua pikipiki, mama akainama, akapangusa tairi kwa kidole.

"Huu mshale mbona unaangalia nyuma? Nani alifunga hii tairi?"

Hapo ndipo ningesema.

"Ouma," nikajibu.

Mama akasogea kando na simu yake. Aliporudi alianza kuufunga upya mfuko kwenye keria, nikadhani Ouma hakushika simu. Akapanda huku akichechemea, tukaenda mwendo wa harusi kupitia Homa Bay hadi Mbita, tukavuka kuingia Rusinga jua likiwa limeinama.

Kwa dani hakuna aliyeuliza habari za safari. Aliutazama mfuko, akawaita majirani, na akina mama wakateremka ziwani na mabeseni, wanafua huku wanaliangalia jua. Mimi nilibeba maji. Sikuwa na mzaha hata mmoja, mpaka mama mmoja akauliza kama huyu kijana ana malaria. Jua lilipozama dani alitoa mikono kwenye povu.

"Basi. Imetosha."

Yaliyokuwa hayajafikiwa yakabaki hivyo hivyo.

Sabato asubuhi kwaya ilisimama mbele, magauni mengine mabichi, mengine yana ramani ya matope kifuani. Watu walikuwa wakitazama magauni, kisha wanamtazama aliyeyashona. Mama alikuwa amekaa na goti lake limefungwa kitambaa, macho chini. Hilo ndilo sijalisahau. Wakati wa maombi akasimama.

"Naomba tumkumbuke mtu aliyefunga ile tairi. Simtakii mabaya. Mungu amguse moyo."

Kanisa zima likaitikia amina. Yangu ilisikika kuliko zote. Kama nilikuwa nimemsingizia Ouma, basi angalau aombewe vizuri.

Jumapili, kabla ya kuondoka, mama aliniwekea spana miguuni.

"Wewe si ulimwona Ouma akifunga? Haya, geuza."

Nikatoa gurudumu, nikatoa upepo, nikabandua tairi na kuigeuza mpaka mshale, ukiwa juu, ukaangalia mbele tunakoenda. Nikajaza upepo, nikalirudisha gurudumu, nikalizungusha kwa mkono. Nikaangalia mshale. Nikauangalia tena. Dani akaniuliza kama ninangoja uniambie kitu.

Jioni tulipofika Rodi mvua ilikuwa inanyesha tena. Mama alishika breki karibu na ule mtaro na tairi ikauma lami bila kutikisika. Nilichojifunza safari hii ni kwamba tairi iliyofungwa vibaya hunyamaza tu barabara ikiwa kavu, na mimi nilikuwa nimenyamaza tangu Alhamisi. Nikauambia mgongo wake, maana uso nisingeuweza.

"Mama, Ouma hakuigusa hiyo tairi. Ni mimi."

Akaegesha kando, akazima injini, akavua helmeti na kunigeukia.

"Ouma yuko Karungu kwa matanga wiki nzima. Aliniambia kwa simu nikiwa hapa hapa, goti linavuja damu. Kwani wewe ulidhani kanisa lilikuwa linamwombea nani?"